Kubadilisha na kulinganisha nyuzi za gitaa lenye mkia wa Bigsby, katika hewa ya Mombasa

Springi ilidondoka, ikagonga ubao wa jukwaa mara mbili, ikaviringika hadi chini ya meza ya chakula. Ilikuwa harusi ya Majengo, saa mbili na nusu usiku, na kundi lilitakiwa kupanda saa tatu. Nilikuwa nimekata nyuzi zote sita kwa mpigo kama nilivyozoea kwenye magitaa ya kawaida. Sikujua kwamba springi ya mkia ule haijafungwa na chochote, inakaa pale kwa sababu nyuzi zinavuta. Mtoto mmoja ndiye aliyetambaa chini ya meza akaniletea, imegandwa na punje za pilau.

Tangu usiku ule nimebadilisha nyuzi za mikia ya namna hii mara nyingi, yangu na ya wenzangu wanaopiga hotelini Nyali na Bamburi. Lalamiko ni lile lile: "Fundi, hili gitaa halishiki sauti, nitolee huu mkia." Mkia mara chache huwa mkosaji. Mara nyingi utakuta uzi umefungwa vibaya, au kuna mahali unakwama njiani na haurudi ulikotoka.

Mkia wenyewe

Nazungumzia ule wa chuma uliofungwa juu ya mwili wa gitaa, nyuma ya daraja (kile kipande kinachoinua nyuzi juu ya mwili), wenye mkono mrefu na springi moja fupi nene chini ya mkono. Ukibonyeza mkono sauti inashuka, ukiachia inarudi. Aliyeutengeneza ni Paul Bigsby wa California, na hadi leo huitwa kwa jina lake hata ukitoka kiwanda kingine.

Wapigaji wengi huuita tremolo. Kosa hilo si letu, tuliletewa. Gitaa la Stratocaster la kampuni ya Fender lilipotoka mwaka 1954, mkia wake uliitwa tremolo, ilhali tremolo ni nguvu ya sauti kupanda na kupungua. Sauti yenyewe ikiyumba juu na chini, hiyo ni vibrato. Kisha kwenye amplifaya zao wakaandika vibrato mahali penye tremolo! Kwa hiyo ukimsikia muuza duka akichanganya, msamehe.

Ndani ya mkia kuna mhimili, yaani fimbo ya chuma inayozunguka, na juu yake pini sita fupi. Kila uzi una kishanga mwishoni, na tundu la kishanga ndilo linaloingia kwenye pini. Uzi unazunguka nyuma ya mhimili, unapita juu yake, halafu unaelekea darajani. Aina nyingine zina ufito wa pili mbele ya mhimili, na hapo uzi lazima upite chini ya ufito huo ili ulale vizuri kwenye daraja. Kabla hujagusa kitu, piga picha kwa simu. Utaishukuru picha hiyo ukifika uzi wa nne.

Bahari na nyuzi

Hapa kwetu chumvi iko hewani, na unyevu hauondoki kaskazi wala kusi. Nyuzi za chuma zilizopakwa nikeli zinapoteza mng'aro upesi, halafu zinaanza kukwaruza vidole. Ukivuka Likoni na gitaa kwenye mfuko wa kitambaa kila jioni, utaelewa ninachosema. Kutu haiharibu sauti peke yake. Uzi wenye kutu unakuwa kama msumeno kwenye mfereji wa mfupa wa juu (kile kijipande kati ya shingo na kichwa ambacho nyuzi hupitia), haupiti vizuri, na mkia unahitaji uzi upite bila kukwama.

Ukiweza, nunua nyuzi zilizofunikwa kwa utando mwembamba. Bei yake ni kubwa, lakini pwani zinajilipa. Ukishindwa, nyuzi za kawaida zinatosha, mradi ufute jasho kila umalizapo kupiga, juu na chini ya uzi, kwa kitambaa kikavu. Pakiti usiifungue hadi siku ya kazi. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe, vitie kwenye kasha la gitaa.

Kuhusu unene, seti ya 10 ndiyo nianzayo nayo: inchi 0.010 kwa uzi mwembamba hadi 0.046 kwa mnene, kwa milimita ni kama 0.25 hadi 1.17. Seti ya 11 nayo huukaa mkia huu vyema. Seti ya 9 siipendi hapa. Nyuzi zake ni laini mno, hazikandamizi daraja, na mkono unakuwa mlegevu kama mlango usio na kitasa. Ukitoka 9 kwenda 11 usishangae gitaa zima likibadilika: shingo itavutwa zaidi na huenda chuma cha ndani ya shingo kikahitaji kukazwa kidogo. Usibadilishe unene usiku wa kuamkia shoo.

Vitu vya kuweka mezani

Koleo la kukatia waya, tyuna (kipima noti) au programu ya simu, kitambaa cha pamba, penseli laini ya 2B, mafuta ya cherehani na kizungushio cha vigingi (vile vya kukazia nyuzi kichwani) kama unacho. Tafuta na champali kuukuu. Ndiyo, champali. Pwani haikosi champali moja iliyotupwa na maji. Kata kipande chenye ukubwa wa nusu ya kiberiti, utaiona kazi yake.

Gitaa lilaze juu ya taulo, chini ya shingo weka taulo jingine lililokunjwa ili kichwa kisielemee meza.

Kutoa uzi wa zamani

Uzi mmoja kwa wakati. Hii ndiyo sheria ya kwanza, na nimeshakwambia ilikonifikisha kuivunja. Nyuzi tano zilizobaki zinaishikilia springi, na zinalishikilia daraja pia. Kwenye magitaa mengi ya tumbo tupu daraja halina skrubu, limekandamizwa na nyuzi tu. Likihama milimita chache, noti zote za juu zinapotoka. Ukilazimika kutoa zote kwa ajili ya usafi mkubwa, weka alama pande mbili za daraja kwa utepe wa karatasi, kisha itoe springi kwa mkono wako uiweke kwenye kikombe, usiingoje ijitoe.

Anza na E nene, yaani uzi wa sita, mnene kuliko wote. Ilegeze kabisa kwa kigingi, hadi iwe inaning'inia, kabla hujaikata. Uzi ukikatwa ukiwa umekazwa unaruka, na unalenga jicho. Ukishalegea ukate karibu na daraja, fungua mizunguko juu, kisha kile kipande cha nyuma kisukume kuelekea pini, usikivute. Ukikivuta kishanga kinazidi kujibana. Ukikisukuma kinapanda chenyewe na kutoka.

Sasa tazama pini. Mara nyingi ina uchafu wa kijani, jasho na vumbi vya miaka. Ifute. Futa na mahali uzi ulipolala juu ya daraja. Halafu chonga penseli, sugua risasi yake ndani ya mfereji wa mfupa wa juu hadi mfereji uwe mweusi, na kwenye daraja fanya vivyo hivyo. Unga ule wa penseli ni mkavu, haushiki vumbi kama mafuta. Mafuta ya cherehani ni ya mhimili peke yake: tone moja kila upande, kwa ncha ya kijiti, na tena mara moja kwa mwaka tu. Nimeletewa gitaa lililonyunyiziwa dawa ya kutu ya magari mpaka shingoni, na mbao ilikuwa imelowa kama muhogo wa kuchemsha.

Kutundika kishanga

Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Shika uzi mpya. Karibu na kishanga uzi umesokotwa juu yake wenyewe, na sehemu hiyo ni ngumu kama waya wa seng'enge. Unataka kunyooka, pini ni fupi, na ukiachia kidogo tu kishanga kinaruka. Unatundika, kinaruka. Unatundika tena, unageuka kushika kigingi, tik, kimeruka.

Dawa ni kuukunja uzi kabla haujafika kwenye gitaa. Zungusha ncha yenye kishanga kwenye penseli, ukisukuma kwa dole gumba, hadi sentimita mbili za mwisho ziwe na mkunjo kama ndoana ya kuvulia changu. Tundu la kishanga lielekee upande ambao litakutana na pini. Kunja kwa mviringo, usikunje kwa koleo: kona kali ndipo uzi utakapokatikia wiki ijayo.

Kama mkia wako una ufito wa mbele, ingiza ncha tupu ya uzi chini ya ufito ukitokea nyuma, vuta karibu uzi wote upite, ubakishe ile ndoana. Itundike kwenye pini. Uzi uzunguke nyuma ya mhimili, upande juu, uende mbele chini ya ufito. Ukipita chini ya mhimili badala ya juu, mkono utafanya kazi kinyume kwa uzi huo mmoja, na utajikuna kichwa jioni nzima.

Sasa champali. Kisukume kile kipande kati ya mhimili na kitako cha mkia, mahali kinapokandamiza kishanga dhidi ya pini. Kibane vya kutosha, kisilazimishwe. Mikono yako miwili iko huru. Wengine hutumia kapo (kibanio cha nyuzi) shingoni ili uzi usirudi nyuma, nayo inafaa, ila champali inazuia pale tatizo lilipo.

Kufunga juu

Pitisha uzi kwenye daraja, kwenye mfereji wake wa mfupa, hadi kwenye nguzo ya kigingi. Unataka mizunguko miwili au mitatu kwa nyuzi nene, mitatu au minne kwa nyembamba, basi. Kwenye gitaa la kawaida mtu anaweza kuzungusha mara nane akasamehewa. Kwenye gitaa lenye mkia huu, kila mzunguko wa ziada ni mahali pa uzi kulegea na kukaza tena kila ubonyezapo mkono.

Kipimo changu ni vidole: vuta uzi unyooke, kisha uruhusu urudi kama upana wa vidole vitatu kwa nyuzi nene, vinne kwa nyembamba. Kunja uzi pale unapotokea kwenye tundu la nguzo ili usiteleze. Zungusha kigingi huku kidole kikiuvuta uzi kidogo, mizunguko ishuke mmoja chini ya mwingine, isipandiane. Uzi uingie upande wa ndani wa nguzo.

Ukianza kusikia noti, simama. Tazama mkia: kishanga kimekaa hadi chini ya pini? Uzi uko mahali pake kwenye daraja? Toa champali. Kishanga kikibaki, kimeshika. Kata ncha iliyozidi juu, acha milimita tatu, nne. Ukiacha ndefu itakuchoma, na kwa mpigaji anayevaa kanzu itamchana mkono wa kanzu.

Nenda uzi wa tano, wa nne, hivyo hivyo. Wa pili na wa kwanza ni vyembamba, hukunjika kirahisi, lakini ndivyo vinavyoruka zaidi kwa kuwa ni vyepesi. Hapo champali usiisahau.

Kulinganisha

E, A, D, G, B, E, kuanzia mnene, kwa kipimo cha A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Kama unapiga na kinanda, fuata kinanda hata kama tyuna yako inasema vingine. Kinanda hakitashuka kuja kwako.

Kwenye mkia huu nyuzi zote zinakandamiza springi moja. Ukikaza E, springi inakubali kidogo, na nyuzi nyingine zinashuka unywele. Kwa hiyo usihangaike kuufanya uzi wa kwanza kuwa kamili. Fikisha zote karibu, kisha rudi duru ya pili, ya tatu. Nenda nje kwa ndani: 6, 1, 5, 2, 4, 3, ili mvuto usiegemee upande mmoja. Kila noti ifikie ukitokea chini. Ukiipita, legeza uzi ushuke vizuri chini ya noti, kisha panda tena. Noti uliyoifikia kwa kulegeza haidumu, kigingi bado kina nafasi ya kuteleza.

Nyuzi mpya zinanyooka. Shika kila uzi karibu na freti ya 12 (kile kijichuma cha kumi na mbili kwenye shingo), uvute taratibu kutoka kwenye mbao, sentimita moja hivi, mara tatu nne, ukisogea kuelekea daraja. Utashuka. Linganisha. Rudia hadi ukivuta usishuke tena. Kazi hii inachosha, inakula robo saa, na ndiyo wapigaji wengi wanayoiruka, kisha wanalaumu mkia katikati ya wimbo wa pili.

Halafu bonyeza mkono, polepole, mara kumi. Angalia daraja kama limeinama. Kuna madaraja yaliyotengenezwa yatikisike pamoja na nyuzi, hayo yarudishe yasimame wima kabla ya duru ya mwisho.

Sasa jaribio. Linganisha kila kitu, bonyeza mkono mara moja kwa nguvu ya kawaida, achia, pima uzi mmoja mmoja.

Uzi ukirudi juu ya noti yake, umebanwa kwenye mfupa wa juu. Ulipolegea, ulitelezea upande wa kigingi. Ulipokazwa tena haukuweza kurudi. Uvute kwa kidole kando kwenye shingo kama unavyopinda noti, na ukirudi sawa, umepata ushahidi wa mahali unapokwama. Mara nyingi ni G. Legeza, penseli tena. Ukisikia ule mlio mdogo wa "tik" wakati wa kukaza, mfereji ni mwembamba kuliko uzi wako, na hiyo ni kazi ya faili nyembamba mkononi mwa mtu aliyekwisha kuifanya. Ukiuchimba sana mfupa, uzi utagonga freti ya kwanza na itabidi mfupa mpya.

Uzi ukirudi chini, tazama nguzo ya kigingi kwanza: huenda unateleza kwenye tundu, au mizunguko imepandiana. Kisha tazama pini, kishanga huenda hakijakaa.

Nyuzi zote zikirudi chini au juu kwa kiasi kimoja, hapo sasa ndipo nikubali kuulaumu mkia: mhimili mkavu, springi iliyokaa upande, au skrubu ya mkono iliyolegea.

La mwisho ni daraja. Piga noti ya freti ya 12 ukibonyeza, ilinganishe na ile sauti ya kengele unayoipata ukigusa uzi juu ya freti hiyo hiyo bila kubonyeza. Ya kubonyeza ikiwa juu, kisogeze kitandiko cha uzi huo (kijipande cha daraja unapolala) nyuma kuelekea mkia. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Linganisha upya kila unapogusa skrubu.

Kama mkia wako si huu

Stratocaster ina springi nyuma, ndani ya tumbo, zimeshikwa na kijichuma chenye skrubu mbili. Hapo uzi unapita ndani ya pande la chuma, na kishanga hakina ujanja. Ukiwa unabadilisha, sukuma kipande cha mbao kati ya pande hilo na mwili wa gitaa ili mkia usizame, kitoe ukimaliza. Nyuzi zikiwa nene kuliko za mwanzo mkia utainuka nyuma na kuinamia mbele. Kaza zile skrubu mbili robo mzunguko kila mara, ukilinganisha kati ya robo na robo.

Mkia wa Floyd Rose ni mambo mengine: kishanga hukatwa, uzi hubanwa kwa skrubu darajani, na mfupa wa juu una vibanio vinavyokazwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3. Vibanio hivyo vikaze mwisho kabisa, baada ya nyuzi kunyooshwa zote, na vile vijirodi vidogo vya kurekebisha pale darajani viwe katikati ya mwendo wao. Ukivikaza mapema utarudi kuvifungua.

Kabla ya kupanda

Chumba cha hoteli kina AC, jukwaa liko ufukweni. Gitaa likitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, nyuzi zinapata moto, zinarefuka, sauti inashuka. Lipeleke nje nusu saa mapema, likiwa ndani ya kasha wazi, mbali na taa za jukwaa, ndipo ulinganishe.

Kwenye mfuko weka uzi mmoja wa E nyembamba, uliokwisha kukunjwa ndoana nyumbani, pamoja na penseli na kipande cha champali. Ukikatika katikati ya shughuli, uache mkono wa mkia bila kuugusa, mwambie mpiga kinanda ashike utangulizi urefuke, na utundike. Kwa mazoezi inachukua dakika mbili hivi. Mara ya kwanza ilinichukua nyimbo tatu, na bwana harusi alikuwa ameshakaa.